Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: utafiti wa nguo utufikie na sisi mafundi

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni fundi batiki hapa Mwanza, natia rangi vitambaa nauza na nafundisha mabinti kazi hii. Nimeona niandike hapa wazi maana wenye shida kama yangu tuko wengi na wewe ndo mwenye dhamana ya viwanda.

Kuna kitu nakiona kwenye ndoo yangu kila mara. Nikipata jora la bafta la pamba ya hapahapa nchini, nikalizamisha kwenye bluu iliyokolea, nikianika tu naona vijiuzi vyembamba kama unywele vimekataa rangi kabisa, vimebaki vyeupe. Mteja anajua nimelipua kazi. Kumbe ule uzi sio pamba, ni plastiki ya kiroba! Mkulima kavuna akajaza pamba kwenye viroba vya sandarusi, nyuzi zikachomoka zikachanganyika, zikapita jineri kwenye kuchambuliwa mbegu, zikasokotwa, zikafumwa, na hakuna aliyeziona njia nzima maana kwenye kitambaa cheupe hazionekani, zinaonekana kwangu mimi mtia rangi. Sasa mkulima wa Maswa atajuaje? Na dawa yake wala sio ngumu, ni kuvunia kwenye mifuko ya kitambaa cha pamba, lakini nani amekaa akapiga hesabu mfuko huo ushonweje, udumu misimu mingapi, na anayeleta AMCOS, yaani ushirika wa wakulima, pamba isiyo na takataka aongezewe shilingi ngapi kwa kilo? Utafiti ninaouomba Mheshimiwa ni wa namna hiyo, unaoanzia shida ya mtu na kuishia mikononi mwa mtu.

Sisemi nchi haina wataalamu, wapo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kiko hapo Misungwi, mbegu za pamba za UK91 na UKM08 zimetoka kwao. TIRDO ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979 kwa ajili ya utafiti wa viwanda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa digrii ya uhandisi wa nguo. Tatizo mtu wa mbegu anaishia kwenye mbegu, mhandisi anasomea Dar, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka huku pamba inakolimwa, na pale katikati hakuna wa kuwakutanisha, ndo maana pamba yetu nyingi inapanda meli ikiwa bado pamba nyuzi, imetolewa mbegu tu haijasokotwa, halafu sisi tunanunua majora ya China na India.

Nije kwenye rangi, hapa ndo panaponiuma zaidi. Batiki tunapika rangi kwa kostiki soda na unga wa dawa tunaouita haidrosi. Haidrosi ndo inaiyeyusha rangi mpaka iingie ndani ya uzi, ukiopoa kitambaa unakikuta na rangi nyingine kabisa, kikipigwa na hewa taratibu kinageuka kinakuja kwenye rangi yake. Sasa haidrosi ikikaa wazi dukani inaisha nguvu, rangi inabaki juujuu, mteja akifua mara moja inachuja na harudi tena. Na sisi tunapima kwa kijiko Mheshimiwa, cha huyu kimejaa mpaka kinamwagika, cha yule sawasawa. Maji nayo yana mambo yake, kipimo kinachokubali na maji ya ziwa ukienda nacho kwenye maji ya chumvi ya kisima kinakutolea rangi iliyofifia, na hakuna karatasi hata moja ya Kiswahili inayokwambia ubadilishe nini. Kostiki inatia maji moto na inaunguza, unaiweka yenyewe kwenye maji, sio maji juu yake, wengi wamelijua hilo baada ya kuungua mikono. Halafu maji machafu yote yanaishia mtaroni na mtaro unaelekea ziwani, ziwa hilohilo tunalokunywa.

Niliwahi kupeleka kitambaa kwenye ofisi moja, jina lake silitaji, kipimwe kama rangi inashika, nikaambiwa niandike barua nisubiri, bei niliyokuja kutajiwa ilizidi thamani ya mzigo wenyewe. Na kipimo ni cha kawaida tu, unashona kipande chenye rangi na kipande cheupe, unaviosha pamoja kwa sabuni kwenye joto linalojulikana kwa muda unaojulikana, unaangalia kile cheupe kimepata doa kiasi gani.

Majirani zetu wa Eldoret, Kenya, wana kiwanda cha nguo cha Rivatex, Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, wanafunzi na watafiti wakapata kufanyia kazi kwenye mashine zinazotoa kitambaa cha kuuza. Sisi huku hatuombi kiwanda kizima. Tunaomba karakana moja ya pamoja, hata ndani ya eneo la SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, yenye mizani, vifaa vya kupimia maji na rangi, mtambo mdogo wa kusokota uzi wa majaribio na tangi la kusafishia maji ya rangi, wanafunzi wa uhandisi wa nguo waje wafanyie mafunzo ya vitendo hapo, watu wa Ukiriguru walete pamba yao waone inavyokuwa uzi na inavyopokea rangi. Bei za vipimo zibandikwe ukutani. Na kila utafiti wa pamba na nguo unaolipiwa na fedha za umma utoe kurasa mbili za Kiswahili kwa mafundi na wakulima.

Mafundi wa huku tuko tayari kulipia vipimo na kuchangia umeme. Tunaomba jibu kabla wizara haijapeleka bajeti yake bungeni, ili kama fungu halipo tujue na tuanze kumfuata mbunge wetu mapema.

Fundi batiki, Mwanza