Uzito umerudi, lakini binti yangu bado anatibiwa

Mhariri,

Jumapili iliyopita tulikuwa harusini Kibokoni. Jamaa yetu mmoja alimshika binti yangu mkono, akamzungusha mbele ya watu na kusema, "Mashallah, umenenepa! Sasa umepona." Alisema kwa mapenzi, najua. Usiku ule mwanangu hakula, na asubuhi yake chai ikapoa mezani.

Ana miaka 17. Ugonjwa wake unaitwa anoreksia, ule wa mtu kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, na kwetu ulijificha ndani ya ibada. Baada ya Ramadhani ya mwaka jana alifunga zile siku sita za sunna, tukafurahi. Akaendelea na Jumatatu na Alhamisi, nami nikawa nawasimulia majirani jinsi alivyoshika dini. Kumbe futari akiwapa paka dirishani. Siku nilipouona mgongo wake akibadilisha nguo, miguu iliniisha nguvu. Tulidhani ni jini, akanyweshwa kombe. Tukadhani ni vidonda vya tumbo. Mwisho alilazwa, moyo ukipiga polepole mno. Alipoongeza kilo chache tukaruhusiwa kwenda nyumbani, na hakuna aliyetutajia tiba ya mazungumzo. Miezi miwili baadaye tulikuwa wodini tena.

Mtaalamu wa saikolojia tulimpata kwa kuulizauliza. Nilitarajia amuulize mtoto kwa nini hali. Badala yake alitugeukia mimi na babake: kwa sasa chakula ndiyo dawa yake, nyinyi ndio mnaopakua, mnakaa naye mpaka amalize, bila kugombana wala kumlaumu. Akipata nguvu, uamuzi anarudishiwa kidogo kidogo. Njia hii ilianzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980. Huku Majengo ilikuwa ni saa nzima na nusu kwa hamri moja na mbaazi, mtoto analia, nami nimeyabana machozi yangu. Babake ni dereva wa tuktuk. Kila adhuhuri aliacha abiria akaja kukaa naye kwenye mkeka.

Uzito ukarudi, na hapo ndipo kazi nyingine ilipoanza. Sasa ana vikao vyake mwenyewe. Ana daftari anamoandika alichokula, saa ngapi, na fikra iliyompitia wakati ule. Hofu ya kunenepa haikuondoka pamoja na ule wembamba. Tumeambiwa kwa hali kama yake vikao huweza kufika 40. Tumemaliza 14, kila kimoja tukilipa kutoka mfukoni.

Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imeipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Naiomba kaunti yetu isomeshe wauguzi na washauri wa zahanati kuutambua ugonjwa huu na kuutibu, na mgonjwa asitolewe wodini bila kuandikiwa siku ya kikao cha kwanza.

Na kwa jamaa zetu: mkikutana naye, muulizeni habari za piko. Anachora vizuri sana, mabiharusi wawili wameshamwita. Mwili wake msiutaje, hata kwa sifa. Ramadhani ijayo mkimwona anakula mchana, daktari ndiye aliyemkataza kufunga, na imamu wa msikiti wetu ameafiki.

Mama wa watoto watatu,
Majengo, Mombasa