Wakata miti wa Mufindi nao wavalishwe vifaa vya kuitia msaada

Kamwene mhariri, pole na kazi. Naomba nafasi niwasemee ndugu zetu wanaokata miti huku Mufindi, maana mbao zikishafika mjini watu wanauliza bei tu, aliyeangusha ule mti hakuna anayemuulizia.

Kaka yangu ni operata wa chensoo, ule msumeno wa mashine, mwaka wa 9 huu, anafanya kibarua kwa wavunaji wa Sao Hill, shamba la miti la serikali. Baridi ya Mafinga ya mwezi wa 6 na wa 7 mnaijua. Asubuhi akishika kikombe cha chai vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakua vyeupe kama chaki, anavisugua kwenye shati, anavipulizia, baadae damu inarudi inachomachoma kama sindano. Yeye anasema ni baridi. Sio baridi peke yake, ni mtikisiko wa mashine unaoharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, alafu baridi inakuja kumalizia, na mtu akiendelea hivohivo miaka inafika mahali hata kifungo cha shati hawezi kufunga. Wenzetu wana kifaa kinavaliwa mkononi kama saa, kinapima mtikisiko wa siku nzima na kumwambia mtu sasa weka mashine chini.

Ila kinachoninyima usingizi ni kingine. Mwaka jana mwenzake alidondokewa na tawi kavu lililokua limenasa juu, likampiga begani akaporomokea korongoni. Ilikua saa 5 asubuhi. Chensoo zinalia kila upande, hata angepiga kelele nani angesikia? Wakajua kaenda kunywa maji. Wakaja kumuona saa 9 mchana wakati wa kuhesabu magogo. Alipona lakini mkono haunyanyuki mpaka leo, na kichwani alikua na kofia ya soksi, sio helmeti, wakati Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Aliyempa kazi akasema huyo kibarua tu.

Kuna vidude vya kuvaa mkandani, mtu akianguka akakaa bila kujongea kinatoa taarifa chenyewe na kuonesha alipo. Ombi langu visije vile vya kutegemea mtandao wa simu, maana huku mabondeni unaweza kutembea kilima kizima unatafuta mnara. Chuo Kikuu cha Idaho kule Marekani wamefanyia utafiti vifaa vinavyorushiana taarifa kwa redio, kila mkataji anaonekana yuko wapi, hivyo hata anayetaka kuangusha mti anajua kama kuna mtu karibu.

TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, ndo wanatoa vibali vya kuvuna Sao Hill. Waweke sharti kwenye kibali, kila anayeingia kitaluni, yaani eneo la kuvuna, kibarua akiwemo, awe na helmeti na hicho kifaa, na gharama iwe ya mvunaji. Gogo likitoka bila alama ya nyundo ya ukaguzi linakamatwa, basi na mtu aangaliwe kabla hajaingia.

Wiki ijayo kaka anaingia kitalu kingine, miti mirefu ya milingoti, ya mteremkoni. Nimemnunulia filimbi, anaivaa shingoni.

Mdau wa misitu,
Mafinga