Bodi zikitengenezewa China, vipimo vibaki mikononi mwetu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita iliyowashauri vijana wabunifu wasihangaike kujenga kiwanda, bali watume michoro ya vifaa vyao China, watengenezewe, wauze. Sina ugomvi na ushauri huo, kwani nami ndivyo nifanyavyo tangu 2019. Lakini makala iliishia pale mzigo unapofika. Yangu yalianzia hapo, na ningependa kijana anayejiandaa kutuma fedha zake ayasikie kabla hajazituma.

Natengeneza mashine za kutotolesha vifaranga hapa Kihonda, Morogoro. Maboksi nayaunda mwenyewe kwa mbao na bati. Kinachoiongoza mashine ni bodi ndogo ya saketi, kama kiganja cha mtoto, inayosoma joto kupitia sensa, yaani kipuri kidogo cha kupimia joto, na kuwasha au kuzima hita. Miaka ya mwanzo bodi hizo nilizichomelea kwa mkono, usiku, moja baada ya nyingine. Oda zilipozidi nikapeleka mchoro na orodha ya vipuri kwenye kiwanda kimoja cha Shenzhen. Bodi 50 za kwanza zilikuja safi kuliko kazi yangu: risasi ya kuchomelea inang'aa, kila kipuri kimekaa mahali pake. Gharama ikashuka karibu nusu. Mwaka uliofuata nikaagiza 150.

Mama mmoja wa Dumila, mteja wangu wa mashine ya mayai 176, alinipigia siku ya 22 tangu aweke mayai. "Fundi, hakuna hata moja lililotoboa." Nikapanda basi asubuhi yake. Nilimkuta ameshayatoa mayai na kuyapanga kwenye beseni. Akapasua moja mbele yangu, taratibu, kama mtu anayeogopa kuliumiza. Kifaranga kilikuwa kimeshaota manyoya, kimekaukia ndani, kimegandamana na ganda. Akapasua la pili, hali ni ileile. La tatu nikamwambia, mama, acha.

Kwenye kioo cha mashine joto lilisomeka 37.6, na hapo ndipo linapotakiwa kuwa: yai la kuku linahitaji 37.5 hadi 37.8 kwa siku 21. Nikaazima kipimajoto cha homa kwa jirani yake, nikakilaza kwenye trei, nikafunga mlango na kusubiri nusu saa. Kikasoma 39.3.

Nilirudi Kihonda na ile bodi. Nikasaga barafu, nikaichanganya na maji kidogo kwenye chupa ya chai, maana mchanganyiko huo hukaa nyuzi sifuri na haudanganyi. Nikazamisha sensa tano zilizobaki za mzigo wa kwanza, kisha tano za mzigo wa pili. Za mwanzo zote zilisoma karibu kabisa na sifuri. Za pili zilisoma nyuzi moja na nusu hadi mbili chini yake. Yaani zilikuwa zinaona baridi isiyokuwepo, na bodi ikazitii, ikaacha hita iendelee kuwaka. Migongoni mwa sensa zote kumi kumeandikwa namba ileile, DS18B20. Kwa macho huwezi kuzitenganisha.

Nilipowaandikia wale wa kiwandani, jibu lao lilikuwa fupi: uliandika namba hiyo, tumenunua namba hiyo. Nikaifungua orodha yangu ya vipuri. Ni kweli. Niliandika namba ya sensa, sikuandika jina la mtengenezaji wala muuzaji anayekubalika. Sensa hiyo asili yake ni kampuni ya Dallas Semiconductor ya Marekani, iliyonunuliwa na Maxim mwaka 2001, nayo Maxim ikanunuliwa na Analog Devices mwaka 2021. Imeigwa mno, na nakala zake zimejaa sokoni zikiwa na maandishi yaleyale. Kiwanda kinachotengenezea watu wengi hununua panapopatikana kwa urahisi na kwa bei ndogo, isipokuwa pale mwenye kazi alipokifunga kwa maandishi. Mimi sikukifunga.

Nilimlipa yule mama mayai yake yote na kumbadilishia bodi. Wiki tatu alizopoteza, na vifaranga ambavyo wateja wake walishavitolea kianzio, sikuwa na uwezo wa kumlipa. Sensa za mzigo mzima nilizing'oa na kuweka nyingine kwa mkono. Bodi 41 zilikuwa tayari kwenye mashine za watu, kutoka Mvomero hadi Ifakara, na kote huko nilifika mwenyewe.

Wenzangu huniambia kwamba hata Apple haina kiwanda chake cha simu, na kwamba iPhone nyingi huunganishwa na Foxconn, kampuni aliyoianzisha Terry Gou huko Taiwan mwaka 1974. Sawa. Lakini Apple hupeleka wahandisi wake hadi kwenye viwanda hivyo, huchagua yenyewe vipuri vikubwa vitoke kwa nani, na baadhi ya mashine zilizomo humo ni mali yake. Kijana anayetuma mchoro kwa barua pepe na kusubiri boksi uwanja wa ndege hafanyi kitu kilekile. Tena hata wakubwa huumia: mwaka 2016 Samsung ilikusanya kutoka kwa wateja simu za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zilikuwa zinashika moto, ikawapa watu simu zenye betri za kiwanda kingine, nazo zikashika moto, hadi Oktoba ikaacha kabisa kuzitengeneza.

Siku hizi sensa nanunua mwenyewe kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji, naituma kiwandani, wao wanaichomelea tu. Kila kipuri kwenye orodha kina jina la aliyekitengeneza, na chini nimeandika kwamba hakuna kubadilisha bila kuniuliza. Hulipia kwanza sampuli tano, nazikalisha na mayai siku zote 21, ndipo naruhusu oda nzima. Zikifika, mabinti wawili waliosoma chuo cha ufundi cha VETA hupima kila bodi kwenye barafu na kwenye maji ya nyuzi 37.5. Bei imepanda kidogo. Sijutii hata senti.

Ombi langu kupitia gazeti lenu ni kwa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Mnazo ofisi mikoani. Tuwekeeni katika kila ofisi meza moja ya vipimo: kipimajoto kilicholinganishwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), mizani, mita ya umeme ya kuaminika, na mtu anayejua kuvitumia, kwa ada ambayo fundi mdogo anaiweza. Mimi kipimajoto changu nakipeleka Dar es Salaam kukilinganisha, na nauli naimudu kwa sababu biashara imeshasimama. Kijana mwenye bodi zake 50 za kwanza haimudu, na yeye ndiye atakayeuza bila kupima.

Nanyi wahariri, mkirudi kwenye habari hii, mtafuteni fundi mmoja awaoneshe orodha yake ya vipuri, mstari kwa mstari, na muichapishe.

Fundi elektroniki,
Kihonda, Morogoro