Barua kwa mwanangu: kichupa nilichokikuta kwenye begi

Tabora

Mwanangu,

Hujambo, baba. Huku hatujambo, ila bibi yako bado analalamikia magoti. Anakusalimu na anauliza kama unakula.

Lile begi uliloliacha nimelifua. Kwenye mfuko wa pembeni nimekuta kichupa cha plastiki cha pombe kali, cha mililita 200, na kopo la enejia limebonyezwa kama chapati. Nilikaa nacho jikoni mpaka maharage yakashika chini. Nilipokinusa kilinukia nanasi, kama pipi. Baba yako sijamwambia.

Najua utasema, "Mama, si wewe mwenyewe unapika wanzuki?" Kweli, napika, na ada yako ya kidato cha kwanza ilitoka kwenye yale mapipa. Lakini umekulia pale, unajua inavyokwenda. Asali inakorogwa kwenye maji, inatiwa chachu, inafunikwa, inaachwa iumuke mpaka isikike inachemka yenyewe. Mteja akija, naonja kwanza mbele yake. Anakaa kwenye benchi na wenzake, kopo moja linakwenda na hadithi nzima ya shamba la tumbaku. Akizidisha, namwambia, "Mzee, leo basi," na kuna mtu wa kumfikisha kwake.

Nisikudanganye kwamba zamani ilikuwa safi. Kuna waliouza ng'ombe kwa ajili ya kopo. Na mimi nina langu. Ulipokuwa na miaka minane nilikuwa nakutuma kupeleka ndoo kwa wazee, siku moja ukarudi na povu mdomoni, nikacheka na kuwaita majirani waje waone. Hapo nilikosea, na nimelikumbuka jana nikiwa na kichupa chako mkononi.

Viroba unavikumbuka? Vile vifuko vya pombe kali vilivyokuwa vimetapakaa stendi, mtoto anaweza kukificha kwenye soksi. Serikali ikavipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, sisi wazazi tukapumua. Kumbe pombe ilihama tu, ikatoka kwenye kifuko ikaingia kwenye kichupa, ikatiwa ladha ya matunda. Siku hizi vijana wa hapa mtaani wananiambia wanzuki ni pombe ya wazee. (Usidhani naandika kwa wivu wa biashara. Wateja wangu wananitosha.)

Nimesoma lebo: asilimia 35. Nikachukua kalamu. Kichupa kile kina mililita 70 za kilevi chenyewe. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Yaani mmekunywa karibu bia tatu kwa muda wa kuvuka uwanja wa mpira, tena wima, nyuma ya choo, bila hata kuonja. Hapo juu mmeweka enejia. Kafeini iliyomo inakukeshesha macho ukajiona mzima, lakini haipunguzi hata tone la pombe lililoko kwenye damu. Mtu anaendelea kunywa kwa sababu hajahisi usingizi. Na miaka yako 16, ubongo bado unajengwa.

Aliyekuuzia alijua hujafika 18. Sikuulizi ni duka gani, maana baba yako akilijua atakwenda na fimbo na sisi wote tutaishia kwa mwenyekiti wa mtaa.

Ninachokuomba ni hiki. Vichupa hivyo acha. Gongo usiionje hata kwa mzaha, kwa sababu hakuna ajuaye kilichomo. Na ikitokea siku mwenzako amezidiwa, anatapika na ukimwita haitikii, mlaze ubavu, usimwache peke yake, mwite mwalimu hata kama na wewe utachapwa. Msimfiche bwenini mkisema atalala itamtoka. Mimi nipigie saa yoyote, simu naiweka chini ya mto. Maswali yatasubiri asubuhi.

Kichupa nimekiweka juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa. Ukija likizo, baba yako akienda shamba, tutakaa uniambie kilikuwa cha nani. Kama ni chako, sema, "Ni changu."

Nimempa kondakta lita moja ya asali ya msimu huu. Ni nyeusi kidogo lakini tamu. Usiigawe bweni zima siku ya kwanza.

Mama yako