Pensheni yangu anaila mjukuu: barua ya wazi kwa Waziri anayesimamia ustawi wa jamii, Zanzibar

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum.

Kwa umri wewe ni mwanangu, kwa cheo ni mkubwa wangu, basi nitakuita Mheshimiwa, na uniwie radhi pale ulimi wa kizee utakapoteleza. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani katika Wilaya ya Micheweni, Pemba. Nimewasomesha juzuu watoto ambao leo ni masheha, yaani wakuu wa shehia zetu, askari na mabaharia. Nina miaka 73. Barua hii nimeiandika kwa mkono, na ataipiga kwenye simu mjukuu wangu wa kike aliyenambia kuwa siku hizi barua ya waziri husomwa na watu wote kabla ya waziri mwenyewe. Haya, na isomwe.

Naanza na shukrani, na si za adabu tu. Aprili 2016, wakati wa urais wa Dk. Shein, Serikali ilipoanza kutoa pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimia miaka 70, wengi tulidhani ni maneno ya kisiasa. Haikuwa hivyo. Fedha zilikuja, na zikaendelea kuja. Dk. Mwinyi aliyemfuata akazipandisha hadi 50,000. Kilichonipendeza mimi zaidi ya kiwango ni namna inavyotolewa. Zamu yangu ilipofika hakuna aliyekuja kutazama paa langu ni la makuti au la bati. Hakuna aliyehesabu kuku wangu, wala aliyeuliza watoto wangu walioko Unguja wananitumia nini. Umri umetimia, makaazi yanajulikana, jina limo daftarini: chukua haki yako. Katika Afrika Mashariki sisi ndio tulioanza kuwalipa wazee wote kwa mtindo huo, bila ya kuwachuja, tena kwa fedha za Serikali yetu wenyewe.

Sasa nikueleze zangu zinakokwenda.

Nina mjukuu wa kiume wa miaka 11 mwenye mtindio wa ubongo. Mama yake alikaa na uchungu muda mrefu, na mtoto alipotoka hakulia. Madaktari walitufahamisha baadaye kwamba ubongo wake ulikosa hewa. Wapo wengine ninaowajua waliofikwa na hali hiyohiyo kwa manjano makali ya siku za mwanzo, na wengine kwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Waliosema ni shetani wa pwani walisema sana, na wamechoka wenyewe. Mama yake yuko Unguja anafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, anatuma anachojaaliwa. Baba tumwache alipo.

Mheshimiwa, umewahi kumlisha mtoto wa namna hii? Nitakueleza, kwa sababu naamini wanaopanga bajeti hawajapata kuona. Namkalisha mapajani, mgongo wake kifuani kwangu, mkono wangu wa kushoto umemzunguka. Kichwa lazima kiiname kidogo mbele. Kikienda nyuma, uji unaingia njia ya hewa, na hapo ndipo wanapopatia homa ya mapafu. Uji wenyewe usiwe mwepesi, maana mwepesi unamkimbilia kooni kabla hajajitayarisha. Nusu kijiko, nangojea. Ulimi unakisukuma nje, nakirudisha. Ghafla mlango ukibamizwa na upepo, au jogoo akiwika karibu, mwili wote unakakamaa, miguu inapishana kama mkasi, na kila kilichomo mdomoni kinaishia kwenye kanga yangu. Tunaanza upya. Kibakuli kimoja saa nzima, na siku ina milo mitatu. Baada ya hapo kuna kumwosha, kumgeuza asipate vidonda, na kumnyoosha viungo kama nilivyofunzwa na bwana mmoja wa mazoezi ya viungo, Mungu amlipe. Bila ya mazoezi yale misuli inafupika na nyonga inachomoka pahala pake. Nepi za dukani ni za wachanga, haenei. Nakata kanga kongwe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pensheni ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa upande wangu, ni miche ya sabuni.

Iliyobaki ni nauli na dawa.

Nauli niiseme, maana inachekesha na kuliza. Miguu ya huyu bwana haikunjiki. Nikimpakata kwenye gari ya abiria inakwenda moja kwa moja hadi kiti cha jirani, basi yeye namlipia viti viwili, mbali na changu. Utingo simlaumu, naye ana hesabu ya kumpelekea tajiri wake. Lakini kliniki ya siku moja inakuwa na nauli ya watu watatu na sisi ni wawili, tena mmoja mtoto.

Dawa ni za kifafa, ambacho watoto wengi wenye mtindio wa ubongo huwa nacho. Tangu Mapinduzi tumezoea kuwa matibabu ni bure, na kweli dawa zikiwepo sitoi kitu. Zisipokuwepo ndiyo balaa. Fenobabito si dawa ya kusema nitaipata wiki ijayo. Mtu akikatishiwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko la mwanzo na lisisite. Kwa hiyo siku ikiadimika nainunua siku hiyohiyo, kwa bei watakayonambia.

Yote haya ni kazi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kila nikizungumza na wakubwa hunijibu kwa huruma: pole bibi, subiri bibi, Mungu atakulipa. Malipo ya Mungu nayataraji zaidi kuliko wao. Lakini mtu akiajiriwa kumlea mtoto wa tajiri Mjini analipwa mshahara, tena mtoto mwenyewe anakula kwa mkono wake. Huku kwetu mwanamke anapokuwa na mtoto kama huyu anatolewa kwenye riziki. Binti yangu kabla ya kuondoka alikuwa na kamba zake za kulimia mwani baharini. Mwani unafuata maji. Bamvua likifika, bahari ikitoka, unashuka pwani muda huo au umekosa, na mtoto naye anataka kugeuzwa na kulishwa muda huohuo. Mwaka ulipokwisha kamba zikawa za jirani. Nyumba ya namna hii inapoteza watu wawili kwa mpigo: asiyeweza kufanya kazi, na aliyekuwa akiweza lakini amefungwa naye. Wengi wa hao waliofungwa ni wanawake, na wengi wameachwa. Hilo nalo unalijua.

Kuna mpango wa kunusuru kaya maskini, na nimekwisha kuambiwa nijaribu huko. Mpango ule unapima umaskini, nao una wenyewe wanaouhitaji. Mimi nyumba yangu ina bati, na sitaki kuling'oa ili niandikwe. Mwalimu wa skuli mwenye mshahara akizaa mtoto kama wangu, mkewe atafungwa vilevile. Ninachoomba kitazame ulemavu wa mtoto na kazi ya mlezi, kama pensheni yangu ilivyotazama umri.

Sheria nazo tunazo. Tangu 2006 Zanzibar ina sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu. Tuna Sheria ya Mtoto ya 2011. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Agosti 2022 karani wa sensa alikaa barazani kwangu, kijana mwenye adabu, akaniuliza kama mtoto ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia. Akaandika. Hakuniuliza ni nani anayemwosha na kumlisha, wala mtu huyo ana umri gani. Fomu yake haikuwa na pahala pa kuandika hayo.

Na kuna vigari vya magurudumu vya watu wenye ulemavu. Hapa nitasema kidogo halafu ninyamaze. Mwaka mmoja tuliitwa, tukapangwa mstari, tukapigwa picha na wageni, kila mtoto akapewa kigari. Cha kwangu kilikuwa cha mtu mzima, mtoto akawa anazama humo kama punje ya choroko ndani ya pishi. Kingekuwa cha kipimo chake pia kisingefaa, maana njia zetu ni za maweni, gurudumu halipiti. Kilichomfaa kimetengenezwa na fundi seremala wa hapa kijijini kwa mbao za masanduku: kiti chenye mgongo wa pembe, kinachomkumbatia mabega yaje mbele, na kimeza kidogo kifuani cha kumzuia asiteleze. Akiwa humo mikono yake inatulia, anaona watu, na nikisomesha anaitikia kwa sauti yake pale wenzake wanapoitikia. Fundi yule kama angelipwa na Serikali atengeneze vingine, watoto wa wilaya nzima wangekaa. Hilo ni ombi la pembeni, lakini usilisahau.

Mjukuu wangu wa simu amenitafutia habari za wenzetu. Kenya, hapo jirani, wanatoa shilingi 2,000 za kwao kila mwezi kwa kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa asiyeweza kujihudumia, na anayezipokea kwa niaba yake ni mlezi. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi, wana ruzuku maalumu kwa ajili ya mtoto mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji uangalizi wa kudumu. Hakuna nchi katika hizo iliyofilisika kwa sababu hiyo. Sisi tuliowatangulia watu kwa wazee tunashindwa nini kwa watoto?

Najua utaambiwa na wataalamu wako kwamba fedha hazitoshi na kwamba watu watadanganya. La kudanganya ndilo jepesi. Umri mtu anaweza kuuongeza, na wakati ule wa 2016 nawajua waliojaribu, lakini mtoto asiyeweza kukaa haazimwi kwa jirani. Daktari athibitishe, sheha aandike, na shehia nzima itakuwa shahidi, maana huku hakuna asiyejua nyumba ya nani ina mtoto gani. Ama la fedha, mimi si mhasibu, ila shehiani kwangu watoto wa aina hii nawajua kwa majina. Wote hawajazi mkeka mmoja wa chuoni. Wazee tunaolipwa tunajaza uwanja.

Basi ninachokuomba ni hichi. Kila mtoto wa Zanzibar ambaye daktari amethibitisha kwamba hawezi kula, kuoga wala kujigeuza bila ya mtu, apewe kwa mwezi kama ninavyopewa mimi, shilingi 50,000, bila ya kuulizwa bati wala kuku. Akitimia miaka 18 isikatwe, kwa sababu mtindio wa ubongo haushereheki siku ya kuzaliwa na kuondoka. Na iandikwe kwa jina lake yeye, si la mlezi.

Hili la jina ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Pensheni yangu imeandikwa kwa jina langu, na itasita siku nitakapozikwa, ndivyo inavyostahiki. Lakini kwa hesabu ya kawaida ya Mwenyezi Mungu mimi nitatangulia na yeye atabaki, na siku hiyohiyo sabuni yake, nauli yake na vidonge vyake vitakuwa havina mwenyewe. Atachukuliwa na mtu, watu wa Pemba hawamtupi mtoto. Nina wasiwasi na huyo atakayemchukua, atakuwa nani na ataacha shughuli gani ili aweze kumlisha nusu kijiko nusu kijiko. Haki ikiwa kwa jina la mtoto, itamfuata mkono kwa mkono: leo kwangu, kesho kwa mama yake akirudi, keshokutwa kwa shangazi. Hata mama yake, akiwa na uhakika wa fedha hiyo kila mwezi, ataweza kurudi nyumbani.

Bajeti huandaliwa mapema, na vikao vya Baraza la Wawakilishi tunavisikiliza redioni, mimi na watoto wa chuo. Tutasikiliza na mwaka huu.

Wabillahi tawfiq.

Bibi yake mtoto,
mwalimu wa chuo, Micheweni, Pemba