Mnatuletea vitu vimeshauawa na supagluu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niongee na watu wa Kisumu, na wa Kakamega na Nakuru pia maana najua tabia ni ile ile. Mimi ni fundi wa redio, feni, pasi na vitu vidogo vidogo hapa Kibuye, na kinachonisumbua siku hizi si kitu kilichoharibika, ni kitu ambacho mwenyewe ameshakitengeneza huko nyumbani kwanza na supagluu ndio akakumbuka kuna fundi.

Mtu anakuja na rimoti, kifuniko cha betri kilikuwa kinalegea akaona akigandishe pande zote, na kweli kimeshika, sasa betri zimeisha anauliza zitatolewa wapi. Mwingine swichi ya redio ilikuwa inacheza akadondoshea gundi hapo juu, ikatiririka ndani, swichi haiendi mbele wala nyuma. Skrubu iliyolegea inaweza kukazwa, waya uliokatika unaunganishwa, lakini gundi ikishaingia ndani mimi nafanya nini, navunja tu halafu mwenye kitu analia ati fundi ameharibu.

Shida ni kwamba hii gundi watu wanadhani inakauka kwa upepo kama rangi. Haikauki hivyo. Inashikwa na unyevu, ule ulio hewani na ulio juu ya kitu chenyewe, ndio maana vidole vinagandana haraka kuliko kikombe ulichokuwa unatengeneza, na ndio maana ukiacha kichupa wazi kwa hii hewa yetu ya ziwani unakuta kimekuwa jiwe. Na kuweka nyingi hakusaidii, tone moja jembamba linashika kuliko nusu kichupa. Ile nyingi inachelewa kuganda, inatoa mvuke, ule mvuke unaacha ukungu mweupe kwa skrini ya simu na kwa miwani halafu unaniuliza huo ukungu umetoka wapi.

Beseni na jerikeni achaneni nazo kabisa, hiyo plastiki haishikani na supagluu, peleka kwa wale wanaochoma na chuma moto. Viatu pia, soli inakunjika na hii gundi ni ngumu haikunjiki, ukitembea mpaka Kondele imeshapasuka, fundi wa viatu yupo na gundi yake na uzi wake. Mshikio wa sufuria ndio usiseme, moto ukipanda gundi inalegea na uji unamwagika miguuni.

Sasa hayo ni ya vitu, vitu vinanunuliwa. Kinachonifanya niandike ni jirani mmoja hapa mtaani aliyeamka usiku kutafuta dawa ya macho, stima ilikuwa imepotea, na kichupa cha gundi kilikuwa hapo hapo juu ya kabati kando ya dawa, saizi moja, mdomo mwembamba mmoja. Kope ziligandana. Bahati watu wake hawakuvuta, waliosha na maji ya vuguvugu, wakafunika na kitambaa safi kilicholowa wakakimbia hospitali. Kuna mtu alikuwa ameshaleta ile ya kutoa kutex amwagie! Hiyo ina asetoni, kwa vidole sawa inalegeza, kwa jicho ni balaa juu ya balaa. Vidole vyenyewe loweka kwa maji moto kiasi yenye sabuni, halafu achanisha polepole na mpini wa kijiko, usivute utang'oa ngozi. Na usipanguse na pamba, gundi ikiingia kwa pamba inapata joto mpaka inatoa moshi na inachoma, hata soksi na sweta ya sufi ni hivyo hivyo.

Hii gundi Harry Coover na wenzake huko Marekani waliigusa 1942 wakitafuta plastiki safi ya vifaa vya kulengea bunduki, wakaiacha kwa sababu inagandia kila kitu, ikaja kuuzwa baadaye 1958. Wao wenyewe iliwasumbua na walikuwa kwa maabara, sisi tunafungua na meno ndani ya matatu.

Ombi langu ni kwa wanaoileta nchini, mwandike maonyo kwa Kiswahili, herufi za kusomeka, sio ile michoro ya Kichina tu. Na nyinyi vijana mnaouza kwa steji mkipiga kelele ati inashika mbao, inashika chuma, inashika kila kitu, ongezeni hapo hapo mteja asiiweke karibu na dawa na mtoto asiifikie, haitawapunguzia mauzo.

Fundi wa Kibuye,
Kisumu