Maofisa wa FBI wakigonga mlango, chai ingoje

Saa kumi na mbili asubuhi mlango unagongwa. Watu wawili wanaonyesha beji na kusema kwa upole kwamba wana maswali machache tu. Mama mwenye nyumba, kwa malezi aliyokulia, anawaambia karibuni, anabandika chai. Kikombe hakijapoa, mmoja anauliza na mwenzake anaandika.

Ofisi yetu ni ya ukalimani wa Kiswahili hapa Marekani. Sisi si mawakili na hatutoi ushauri wa sheria. Tunakaa kati ya wakili na mteja wasipoelewana lugha. Shida ni kwamba wengi hutupigia wakiwa wameshaongea na wapelelezi saa nzima, kwa Kiingereza cha kubabaisha, bila wakili.

Mazungumzo ya sebuleni mara nyingi hayarekodiwi. Kinachobaki ni maelezo ya ofisa. Sasa angalia lugha yetu inavyotuponza. Mtoto wa baba mdogo unamtaja kuwa kaka yako. Faili lako la uhamiaji linasema huna kaka. Unamzungumzia shangazi kwa neno la kiume, maana kwetu “yeye” ni mmoja. Ulifika dukani saa mbili asubuhi, ukaitamka “mbili” hiyohiyo kwa Kiingereza, ofisa akaandika 2:00, yaani saa nane kwetu.

Kumdanganya ofisa wa serikali kuu, yaani ya shirikisho, kwa makusudi, juu ya jambo lenye uzito, ni kosa chini ya kifungu cha 1001 cha sheria ya jinai ya shirikisho: kifungo hadi miaka 5, hata kama hukula kiapo. Ni kweli lazima iwe makusudi, na wakili anaweza kueleza mkanganyiko wa lugha. Ila ataueleza ukiwa umeshashtakiwa.

Kwa hiyo sema tu: “Nitaongea wakili wangu akiwepo. Niachieni kadi yenu.” Si utovu wa adabu. Wakiwa na kibali cha upekuzi kutoka kwa jaji usiwazuie, lakini kibali cha kupekua nyumba hakikulazimishi kujibu maswali. Na usifute kitu kwenye simu; hilo ni kosa jingine jipya.

Ukikamatwa, utafikishwa mbele ya hakimu bila kucheleweshwa. Mwendesha mashtaka akitaka ubaki ndani, anaweza kuomba siku 3 za kujiandaa kwa kikao cha dhamana, upande wako hadi 5. Wakili anatakiwa awepo hapo, si baada ya hapo. Kesi hizi hazina mzaha: kwa makosa yaliyotendwa tangu Novemba 1987 mahakama za shirikisho hazina parole, yaani kuachiwa mapema chini ya uangalizi, na mwenendo mzuri unakupunguzia siku 54 tu kwa mwaka, zikizidi sana.

Wakili wa kulipwa na serikali watu wetu humdharau, “wa bure huyo”. Sisi tuliokaa nao hatukubaliani. Mawakili wa utetezi wa umma wa shirikisho kazi yao ni kesi hizi tu, kila siku, mbele ya majaji walewale. Kama kipato hakitoshi, jaza fomu ya hali yako ya kifedha, ila ijaze kwa ukweli. Ukiajiri wa kwako, muulize ameendesha kesi ngapi za shirikisho, siyo za jinai kwa ujumla. Aliyekushughulikia talaka vizuri huenda hajawahi kuingia mahakama hizo. Uliza pia ada inaishia wapi: kesi ikifika kusikilizwa, unaongeza? Na akikuahidi ushindi, nyanyuka.

Kama una grini kadi, swali la uhamiaji lije kabla ya kusaini chochote. Zaidi ya asilimia 90 ya wanaotiwa hatiani katika mahakama hizi wamekiri wenyewe, mara nyingi kwa makubaliano na mwendesha mashtaka. Ulaghai wenye hasara inayozidi dola 10,000 unaweza kukurudisha nyumbani hata usipofungwa siku moja. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Padilla, mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kukueleza hilo. Waliochukua mikopo ya PPP, ile ya serikali ya kusaidia biashara ndogo, wakati wa korona kwa maelezo ya uongo wazingatie: tangu 2022 serikali ina miaka 10 ya kuwashtaki.

Kuhusu mkalimani, kortini hulipi. Mahakama ndiyo inayomleta. Kwenye vikao vya ofisini na wakili uliyemwajiri ndipo tunapoingia sisi. Usimlete mpwa wako akutafsirie. Siri ya wakili na mteja inaweza kuvunjika mbele ya mtu wa tatu, na mpwa akaitwa shahidi.

Wala usidhani Kiswahili ni kichaka cha kujifichia. Simu za rumande zinarekodiwa na serikali ina watu wa kuzitafsiri. Ofisi yetu haifanyi kazi hiyo, ila tunawafahamu wanaoifanya, na Kiswahili chao ni safi.